Goldman au Omar Sy? Ukitaka kuwajua vipenzi wa Wafaransa, anza na nani

Muulize Mkenya au Mtanzania amtaje Mfaransa mmoja maarufu, atasema Mbappé kabla hujamaliza swali. Waliozidi umri kidogo watasema Zidane, na shabiki wa Arsenal atakuletea Thierry Henry hata kama hukumuuliza. Nenda na swali hilo Ufaransa, ila badala ya umaarufu uulize mapenzi. Jina linaloibuka mwaka hadi mwaka ni la mzee aliyezaliwa 1951, ambaye hajatoa albamu mpya tangu 2001, hafanyi matamasha yake, anakwepa mahojiano, na huku kwetu ni wachache wanaomjua: Jean-Jacques Goldman.

Wanaopima mapenzi hayo ni gazeti la Le Journal du Dimanche na kampuni ya kura za maoni ya Ifop. Tangu 1988 wamekuwa wakiwauliza Wafaransa ni mashuhuri gani wanaowapenda au kuwathamini zaidi, kisha wanachapisha majina 50. Miaka ya mwanzo alitawala Jacques-Yves Cousteau, yule mzee wa kofia nyekundu aliyewaonyesha watu yaliyomo chini ya bahari. Akafuata padri aliyeitwa Abbé Pierre, mtetezi wa wasio na makazi, aliyeongoza mara nyingi mpaka akaomba mwenyewe jina lake liondolewe. Kisha Zidane akapokezana na Yannick Noah, bingwa wa tenisi aliyegeuka mwimbaji. Mwishoni mwa 2012 akaingia mwigizaji Omar Sy, na tangu 2013 kiti hicho kimekuwa zaidi cha Goldman, Sy akiwa hakai mbali naye na mara mojamoja akimpokonya.

Orodha hiyo isikudanganye kwamba inapima utakatifu. Huyo Abbé Pierre, miaka 17 baada ya kifo chake, shirika la Emmaüs alilolianzisha ndilo lililochapisha mwaka 2024 tuhuma za wanawake kwamba aliwadhalilisha kingono. Inachopima orodha ni jinsi Wafaransa wanavyopenda kujiona, na kwa msomaji wa nje hilo lina faida kubwa kuliko utakatifu. Kwa hiyo kama unajifunza Kifaransa, au unajiandaa kwenda kusoma Lyon, au una shemeji Mfaransa ambaye mazungumzo naye yanaishia kwenye hali ya hewa, swali ni la kweli: uanze kumfuatilia nani? Nitawaweka Goldman na Sy ubavu kwa ubavu kwanza, halafu niwaguse wengine wanaostahili.

Walikotoka

Wote wawili ni watoto wa wahamiaji, jambo ambalo Wafaransa hulisahau kwa Goldman na hawalisahau kamwe kwa Sy. Baba yake Goldman alizaliwa Lublin, Poland. Mama yake Munich, Ujerumani. Walikuwa Wayahudi, na baba alipigana katika harakati za siri dhidi ya Wanazi. Kijana wao alikulia Montrouge, kusini tu mwa Paris, akasomea biashara Lille, kisha kwa miaka akauza vifaa vya michezo katika duka la familia huku akitunga nyimbo pembeni. Umaarufu ulimkuta ana miaka 30 hivi, tayari baba wa watoto, na huenda ndiyo maana haukumlevya.

Omar Sy alizaliwa Trappes, magharibi mwa Paris, tarehe 20 Januari 1978. Baba yake alitoka Senegal akawa mfanyakazi wa kiwandani. Mama, mwenye asili ya Mauritania, alifanya usafi. Watoto walikuwa wanane na nyumbani kilisemwa Kifulani. Trappes ni mji ambao magazeti ya Ufaransa huutaja kwa shari, lakini umetoa pia Nicolas Anelka na mchekeshaji Jamel Debbouze. Debbouze ndiye aliyemfungulia Sy mlango wa Radio Nova miaka ya 1990, na huko akakutana na Fred Testot, mwenzake wa vichekesho kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hadithi ya Sy inaingia akilini bila maelezo: lugha moja nyumbani na nyingine shuleni, pesa za kutumwa kijijini, jina ambalo mwalimu analitamka vibaya. Ya Goldman inahitaji ujue kidogo historia ya Ulaya. Ukishaijua, unaelewa kwa nini mtu mpole namna hiyo ameandika wimbo kama Comme toi (1982), kuhusu mtoto wa Kiyahudi wa Poland mwenye miaka karibu minane, aliyekuwa na ndoto kama za mtoto yeyote. Wimbo hautaji kambi wala risasi. Anaimba kuhusu gauni, masomo ya shule, mapenzi ya utotoni, na msikilizaji anaachiwa amalizie mwenyewe. Vizazi vya wanafunzi wa Ufaransa wameusikia darasani.

Kazi walizofanya

Hapa mizani inaegemea kwa Goldman, kwa sababu kazi yake imeenea hata mahali ambapo jina lake halipo. Wimbo Aïcha wa Khaled, wa 1996, ambao hata asiyejua neno moja la Kifaransa anakufuatishia kiitikio, umetungwa na Goldman. Albamu D'eux ya Céline Dion ya 1995, iliyouzwa kuliko albamu nyingine yoyote ya Kifaransa, ni kalamu yake. Johnny Hallyday, ambaye mazishi yake mwaka 2017 yalijaza barabara ya Champs-Élysées, aliimba albamu nzima aliyoandikiwa na Goldman mwaka 1986. Kizuri chajiuza, na cha huyu bwana kiliuzwa na sauti za wengine.

Wakosoaji wa muziki hawakumpenda hata kidogo. Miaka ya 1980 walimwandika kama mwimbaji wa vibinti, asiye na sauti wala makali. Mwaka 1985 Goldman alinunua nafasi ya tangazo magazetini, akachapa humo maneno yao mabaya kabisa, na chini yake akawashukuru watu kwa kujiamulia wenyewe. Mimi nikitaka kumweleza mtu Goldman ni nani, naanza na tangazo lile kabla ya wimbo wowote. Ni jeuri ya mtu mtulivu, aina ya jeuri ambayo Wafaransa wanaipenda sana.

Halafu kuna Restos du Cœur, shirika la kugawa chakula kwa maskini. Mwaka 1985 mchekeshaji Coluche alitoa wito redioni wa kuwapikia maskini wakati wa baridi. Alihitaji wimbo, akamwendea Goldman, na wimbo ukapatikana haraka. Coluche alikufa kwa ajali ya pikipiki mwaka uliofuata, lakini kazi iliendelea, na kila mwaka wasanii wanaojiita Les Enfoirés hupanda jukwaani bila malipo, mapato yakienda kwenye chakula. Goldman alibeba shughuli hiyo mabegani mpaka alipojitoa 2016. Mamilioni ya Wafaransa wamemwona akiwa nyuma ya jukwaa, katikati ya kundi, akiwasukuma wengine mbele. Picha hiyo imemjengea mapenzi kuliko albamu zake.

Kazi ya Sy ni rahisi zaidi kuisimulia. Kati ya 2005 na 2012 yeye na Testot walikuwa na vipande vifupi vya vichekesho kwenye televisheni ya Canal+, wakijifanya wahudumu wa simu wanaopokea malalamiko ya watazamaji. Kila mtu alivitazama. Kisha Novemba 2011 ikatoka filamu ya Intouchables, ya Éric Toledano na Olivier Nakache: kijana wa kitongoji anaajiriwa kumhudumia tajiri aliyepooza mwili. Tiketi zaidi ya milioni 19 ziliuzwa Ufaransa pekee. Mwaka 2012 Sy akachukua César, tuzo kuu ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kiume, mtu mweusi wa kwanza kuipata, mbele ya Jean Dujardin ambaye siku chache baadaye alichukua Oscar. Akahamia Los Angeles, akaonekana kwenye X-Men na Jurassic World, na Januari 2021 akarudi kwa kishindo na Lupin ya Netflix, akiigiza mwana wa mhamiaji kutoka Senegal anayeiba kwa akili na heshima.

Nikiwa mkweli, filamu nyingi za Sy za katikati hapo si za kukesha ukizitazama. Anabeba filamu hafifu kwa haiba yake, na watayarishaji wanalijua hilo vizuri mno. Intouchables nayo ina wakosoaji wake, hasa Marekani, walioona mtu mweusi amewekwa pale ili kumchangamsha mzungu tajiri. Itazame ukiwa na swali hilo kichwani, lakini itazame. Hakuna filamu nyingine ya miaka ya karibuni ambayo unaweza kuitaja mbele ya Mfaransa wa umri wowote, awe daktari au dereva wa lori, na ukawa na uhakika ameiona.

Kwa anayejifunza lugha

Tofauti kubwa kabisa iko hapa. Goldman anatamka kila silabi. Sentensi zake ni fupi, msamiati ni wa kila siku, na nyimbo nyingi zinasimulia, kwa hiyo unapata nyakati zilizopita katika matumizi halisi badala ya jedwali la mwalimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Alliance Française, iwe Nairobi au Dar es Salaam, anaweza kuchukua wimbo mmoja kwa wiki na kuelewa zaidi ya nusu bila kamusi. Walimu wa Kifaransa wanalijua hili tangu zamani.

Sy anasema Kifaransa kinachosemwa. Anameza maneno, anageuza silabi nyuma mbele kama vijana wa vitongoji wanavyofanya, na utani wake unategemea kasi. Ukianza naye mapema mno utakata tamaa. Lakini ukimkwepa, utafika Paris unazungumza kama barua ya benki. Ushauri wangu ni kumtazama kwenye Lupin ukiwa na maandishi ya Kifaransa chini ya skrini, wala usiweke ya Kiingereza, kwa sababu macho hukimbilia lugha unayoijua na masikio yanalala. Mhusika wake hubadilisha lugha kulingana na anayemdanganya: leo mwungwana wa mnada wa vito, kesho mfanya usafi, na matamshi yanabadilika pamoja na nguo. Kipindi kimoja kinakufundisha matabaka ya Ufaransa kuliko sura nzima ya kitabu.

Mapenzi na bei yake

Kila mmoja analipia mapenzi haya kwa njia yake, na hapa ndipo ninapoona Ufaransa yenyewe. Goldman analipa kwa ukimya. Aliacha jukwaa akiwa bado anajaza kumbi, akalea watoto, akaishi London miaka kadhaa kisha Marseille. Anayeacha kabla hajafukuzwa haonekani tena akizeeka, hakosei hadharani, haombi kura kwa mtu. Mwaka 2015 alipoandika wimbo wa Les Enfoirés ambao vijana waliuona kama wazee wanawasimanga, makelele yalikuwa makubwa, na mwaka uliofuata akaaga. Tangu hapo hakuna cha kumlaumia. Ni rahisi kumpenda mtu asiyekujibu.

Sy analipa kwa tabasamu. Lile cheko lake pana ndilo lililomwingiza nyumba za watu ambao wasingemkaribisha kijana mwingine wa Trappes sebuleni. Shida huja anapoliweka kando. Mwanzoni mwa 2023, akitangaza filamu ya Tirailleurs kuhusu askari wa Senegal waliopigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, aliliambia gazeti moja kwamba vita vya Ukraine havikuwa ufunuo kwake, kwa kuwa ana ndugu Afrika na alijua vita vipo siku zote. Akauliza kama watu hushtuka tu vinapokuwa karibu nao. Siku kadhaa wanasiasa walimshambulia, na wengine wakamkumbusha kwamba Ufaransa imempa mengi. Mfaransa mwenye asili ya Poland hakumbushwi hivyo. Sy hakuomba radhi, na filamu ikaendelea kujaza majumba ya sinema. Kwangu mimi huo ndio wakati alioonekana mkubwa kuliko kipenzi.

Kwa hiyo ukitaka kuelewa Wafaransa wanachotamani kuwa, yaani wenye kiasi, wakarimu, wasiojionyesha kwa pesa, fuata Goldman. Ukitaka kuelewa wanachogombania mezani, fuata Sy.

Uwanjani

Hapa wengi wenu mnajua kuliko mimi, kwa hiyo nitasema la mapenzi tu na kuacha mabao. Zidane, mtoto wa La Castellane huko Marseille, wazazi kutoka Algeria, alipiga vichwa viwili dhidi ya Brazil mwaka 1998 na uso wake ukaonyeshwa kwa mwanga kwenye Arc de Triomphe. Mwaka 2006 akampiga Materazzi kichwa cha kifua kwenye fainali, akatolewa, Ufaransa ikapoteza kombe, na siku ya pili Rais Chirac akamwambia taifa linampenda. Jaribu kufikiria nani mwingine angesamehewa. Alisamehewa kwa sababu anasema machache mno, na machache hayo hayamhusu yeye.

Mbappé ni kinyume chake. Anasema vizuri, anajua thamani yake na anaidai. Aliifungia Ufaransa mabao manne mwaka 2018, posho yake yote ya kombe akaipeleka kwa shirika la michezo kwa watoto wagonjwa na wenye ulemavu. Akafunga matatu kwenye fainali ya 2022. Bado mapenzi yake nyumbani yana doa ambalo sisi hatulioni: mikataba ya Paris Saint-Germain, rais wa nchi kumwomba abaki, kisha kuondoka bure kwenda Real Madrid 2024 na mgogoro wa mishahara nyuma yake. Wanamstaajabia. Kustaajabia si kupenda, na kijana wa Bondy anaijua tofauti hiyo.

Na Henry? Ana sanamu nje ya uwanja wa Arsenal tangu 2011, lakini Wafaransa wengi wanaukumbuka mkono wake dhidi ya Ireland mwaka 2009 kabla ya mabao yake. Kama unataka mwanasoka ambaye Kampala na Paris wanampenda kwa sababu ileile, chukua N'Golo Kanté, mwana wa wazazi kutoka Mali, aliyeendesha gari dogo akiwa bingwa wa Uingereza na kuona haya kulishika Kombe la Dunia mpaka wenzake walipomsukumia. Uwanja mzima wa Stade de France ulimwimbia wimbo wake.

Nje ya soka, Teddy Riner wa Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa huko Karibea, anapendwa bila mabishano. Mwanajudo wa mita 2.04 aliyekaa karibu miaka kumi bila kupoteza pambano, hadi Februari 2020. Usiku wa tarehe 26 Julai 2024 yeye na Marie-José Pérec, naye wa Guadeloupe, ndio waliowasha mwenge wa Olimpiki wa Paris. Kama hupendi judo hana mengi zaidi ya kukupa, ila kumtazama akicheka ni raha.

Aya au Stromae

Vijana wakiniuliza wa kuanza naye kwenye muziki wa sasa, nasita kati ya hawa wawili, na sababu za kusita zinatofautiana.

Aya Nakamura, aliyezaliwa Bamako mwaka 1995 na kukulia Aulnay-sous-Bois, katika familia ya magwiji wa kusifu kwa nyimbo, ndiye sauti ya Kifaransa iliyofika mbali zaidi katika kizazi chake. Djadja ya 2018 ilipigwa mpaka Uholanzi ikawa namba moja. Lakini yeye si kipenzi cha wote, na usije ukamwambia hivyo shemeji yako. Mapema 2024, uvumi ulipoenea kwamba ataimba kwenye ufunguzi wa Olimpiki, kikundi cha mrengo mkali wa kulia kilitundika bango la kumwambia kwamba hapa ni Paris, si soko la Bamako, na wanasiasa wakahoji kama lugha yake ni Kifaransa. Julai akatokea kwenye daraja la Pont des Arts, amevaa dhahabu, akitokea upande wa jengo la Académie française, walinzi wenyewe wa lugha, huku bendi ya Garde républicaine ikimpigia na askari wake wakicheza. Kila kitu cha Ufaransa ya leo kilikuwa kwenye dakika zile chache. Kwa kujifunza lugha lakini, hapana: mchanganyiko wake wa maneno ya mtaani, Kibambara na vionjo vyake mwenyewe hauendi kwenye mtihani.

Stromae ni Mbelgiji, na Wabelgiji watakukumbusha hilo, ingawa Wafaransa wamezoea kumhesabu kuwa wao. Kwa msomaji wa Maziwa Makuu ana uzito wa pekee. Baba yake alikuwa Mnyarwanda aliyeuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, na wimbo wake wa 2013 unaouliza baba yuko wapi si kichezeo, hata kama kila harusi imeucheza. Mwaka 2015 alizunguka Afrika, akaugua vibaya kutokana na dawa ya kukinga malaria, tamasha la Kigali likaahirishwa, na Oktoba akarudi kulifanya. Baada ya hapo alinyamaza miaka mingi. Januari 2022 aliulizwa swali katikati ya taarifa ya habari ya televisheni ya TF1 kuhusu upweke, akajibu kwa kuimba wimbo wa mtu aliyewahi kufikiria kujiua, papo hapo mezani kwa mtangazaji. Matamshi yake ni safi kama ya Goldman na mada zake ni nzito zaidi. Kama Goldman anakuchosha kwa vinanda vya miaka ya 1980, na vinachosha, hamia hapa.

Wanawake wako wapi?

Ukiipitia orodha ya Ifop utaona nafasi ya kwanza imekuwa ya wanaume tu. Mwanamke anayepanda zaidi kwa miaka mingi ni Sophie Marceau, binti wa dereva wa lori, aliyekuwa na miaka 13 alipochaguliwa kwa ajili ya filamu ya La Boum ya 1980. Huku kwetu walimwona kwenye Braveheart ya Mel Gibson na kwenye James Bond ya 1999 bila kujua ni nani. Wafaransa wamemwona akikua, akizaa, akizeeka, wakamhesabu kama binamu. Mapenzi yake yanafanana na ya Goldman kwa jambo moja: aliipata Hollywood mkononi akarudi nyumbani. Filamu zake za karibuni zinapishana ubora, kwa hiyo simpendekezi kama mlango wa kwanza, ila La Boum ina Kifaransa cha shule na wazazi wanaogombana ambacho ni rahisi kukifuata.

Chagua hivi

Kama unajifunza Kifaransa na uko mwanzoni: Goldman, nyimbo za 1982 hadi 1987, na Comme toi kabla ya zote. Ukishaweza kusoma gazeti: Stromae kwa masikio, Sy kwa macho.

Kama shida yako ni mazungumzo na watu, iwe kazini, kwa wakwe au kwenye bweni la chuo, anza na Intouchables, kisha uliza kila mmoja aliitazama na nani. Usianze na Mbappé, mtaingia kwenye mishahara. Aya Nakamura mwachie siku utakayokuwa umejiandaa kubishana.

Kama uko Goma au Bujumbura, Kifaransa unacho tayari na nusu ya majina haya unayajua. Kwako Goldman ndiye mgeni, na wazazi wako huenda wanazijua nyimbo zake bila kujua ni za nani. Wapigie Aïcha, kisha wa Céline Dion, kisha sauti yake mwenyewe.

Na kama bando ni dogo, wimbo wa dakika nne hauli data. Vipindi vya Lupin vipakue siku utakayopata Wi-Fi ya mtu mwingine.